Shule imeandika "bullying", mwanangu anasema ni utani: neno hili lina maana gani?

SWALI: Mwanangu yuko Kidato cha Pili katika shule ya bweni inayofundisha kwa Kiingereza. Nimepokea barua ya shule inayosema yeye na wenzake watatu wamehusika na "bullying" dhidi ya mtoto wa Kidato cha Kwanza mwenye kigugumizi. Kila usiku taa zikizimwa walikuwa wakimsimamisha juu ya tranka asome "taarifa ya habari" huku bweni zima likicheka, na asubuhi anawabebea ndoo za maji. Likizo ilipofika, sauti yake waliyoirekodi kwa simu ya kificho ikazungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kamusi inanipa uonevu, uchokozi, ubabe, unyanyasaji. Sijui nishike lipi. Mwanangu anaapa ulikuwa utani na kwamba hata yule mtoto alikuwa akicheka. Baba yake anataka twende tukawapatanishe, wapeane mikono, yaishe. Hilo neno lina maana gani hasa, na je, linamhusu mwanangu? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama mwenzangu, pole kwa barua hiyo. Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Kwa mambo uliyoyaandika, ndiyo, neno hilo limetumika mahali pake. Sisemi kwamba mwanao ni mtoto mbaya, na hilo nitalieleza mbele. Ninachosema ni kwamba yaliyokuwa yakitokea usiku bwenini hayakuwa utani, wala hayakuwa ugomvi wa watoto. Ukishatenganisha vitu hivyo vitatu, utani, ugomvi na hiki ambacho Waingereza wanakiita "bullying", utajua mwenyewe kwa nini pendekezo la mzee wako, ingawa lina nia njema, linaweza kumwumiza zaidi yule mtoto.

Neno hutamkwa "bulingi", u ikiwa kama ya "kuku". Shina lake ni "bully", ambalo ni jina la mtendaji na pia ni kitenzi. Vijana wetu wameshalivalisha viambishi vya Kiswahili, utawasikia wakisema "wananibuli" au "acha kumbuli mwenzio". Wengi hudhani limetoka kwa dume la ng'ombe, kwa kuwa kwa Kiingereza dume hilo huitwa "bull". Wanaochunguza asili ya maneno hulihusisha zaidi na neno la Kiholanzi cha zamani, "boele", lenye maana ya mpenzi au ndugu. Katika karne ya 16 Mwingereza alimwita hivyo rafiki kipenzi, na ndiyo maana katika tamthilia ya Shakespeare wapo mafundi wanaomwita mwenzao "bully Bottom" kwa mapenzi matupu. Baadaye likahamia kwa mtu wa majigambo, kisha kwa mwenye kutesa walio dhaifu kuliko yeye, na hapo ndipo lilipobaki. Ila maana ya sifa haikufa yote: ukikuta Rais Theodore Roosevelt wa Marekani ananukuliwa akiuita urais "bully pulpit", ujue anausifu kuwa ni jukwaa zuri sana la kusemea. Hapo hakuna anayeonewa. Na "bully beef", nyama ya kopo, ina ukoo wake mwingine kabisa: ni "bouilli" ya Kifaransa, nyama iliyochemshwa.

Hayo ni ya kujua tu. Maana ambayo shule ya mwanao inaitumia ina umri wa miaka 50 hivi na ilipatikana Skandinavia. Mwaka 1969 daktari mmoja wa Sweden, Peter-Paul Heinemann, aliandika juu ya jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona kwenye viwanja vya shule bila kulipa jina: kundi la watoto linamwandama mtoto mmoja. Mwanasaikolojia Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake Bergen, Norway, akaanza kulichunguza kisayansi na kutoa kitabu mwaka 1973. Olweus hakuridhika na picha ya kundi linalolipuka kwa hasira za ghafla. Aliona kwamba mara nyingi mkosaji ni mmoja au wawili watatu, wanaojulikana, wanaomrudia mtoto yuleyule kwa miezi. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na magazeti yakaandika kwamba huenda chanzo kilikuwa mateso ya wenzao shuleni. Nchi ilishtuka. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni ya shule zote, na Olweus akaipima kwa wanafunzi wapatao 2,500 wa Bergen. Wale waliosema wanateswa walipungua kwa takriban nusu.

Unaweza kuuliza, Norway na Morogoro wapi na wapi? Ni hivi: ili upime, lazima kwanza ukubaliane unapima nini. Olweus aliweka masharti matatu ambayo mpaka leo ndiyo yanayotumika katika miongozo mingi ya shule duniani, na bila shaka ndiyo yaliyo kichwani mwa mwalimu aliyeandika barua yako. La kwanza ni nia: tendo linafanywa makusudi ili liumize au lishushe. La pili ni kurudiwa: si la siku moja. La tatu ni nguvu zisizolingana: anayetendewa hawezi kujitetea kwa urahisi mbele ya anayemtenda.

Yapime sasa kwa kisa chako. Kurudiwa hakuna ubishi, ilikuwa kila usiku. Juu ya nia, mwanao atakuambia hawakutaka kumwumiza, walitaka kucheka. Namwamini kabisa. Lakini muulize walichokuwa wakicheka ni nini. Hakikuwa habari zilizosomwa, maana hakuna aliyekuwa akizisikiliza. Walicheka pale neno lilipokwama. Walimchagua yeye katika bweni zima kwa sababu ya kile asichoweza kukizuia, wakakijengea jukwaa. Mtu anayetengeneza kicheko kwa udhaifu wa mwenzake amekusudia huo udhaifu uonekane, hata kama hajawahi kujiambia "nataka kumwumiza".

Kwenye nguvu ndipo penye uzito wa neno zima. Watu wengi wakisikia nguvu hufikiri misuli, kisha wanashangaa: "Mbona mwanangu ni mwembamba kuliko huyo?" Nguvu za bwenini zina sura nyingi. Kidato ni nguvu, na aliyetangulia kufika bwenini ndiye anayejua sheria zisizoandikwa. Idadi ni nguvu, wanne kwa mmoja. Ulimi ni nguvu, na katika kisa hiki ndiyo nguvu kubwa kuliko zote. Mtoto wa kawaida akidhihakiwa anaweza kurudisha jibu kali, bweni likamgeukia mdhihaki. Mwenye kigugumizi jibu analo, tena pengine zuri kuliko yao, ila akilitoa ndipo atakapowapa kicheko kingine. Silaha yake ya kujitetea ndiyo hiyohiyo inayotumika kumpigia. Ukiwa na wasiwasi kama jambo fulani ni "bullying" au la, jiulize swali hili moja: aliyetendewa alikuwa na njia gani ya kusema hapana, na ikasikika? Ukikosa njia, umepata jibu.

Sasa kamusi yako. Maneno yote manne uliyoyapata ni sahihi kwa kiasi, na hakuna hata moja linalolingana na la Kiingereza sawasawa. Mimi hushika "uonevu", na nadhani wewe pia ushike hilo. Sisi humwonea mtu huruma, humwonea wivu, humwonea haya. Lakini tukisema tu "wanamwonea", bila kuongeza kitu, kila Mswahili anaelewa kwamba wameuona unyonge wake wakautumia. Hilo ndilo sharti la tatu la Olweus, na babu zetu walilijua bila kupima wanafunzi 2,500. Tatizo la uonevu ni upana wake. Refa akikataa goli halali tunasema tumeonewa. Hakimu akitoa hukumu ya upande mmoja, bosi akikata mshahara bila sababu, tumeonewa. Yote hayo ni kukosa haki hata kwa mara moja tu, wakati "bullying" hudai marudio. Kwa hiyo kila "bullying" ni uonevu, ila si kila uonevu ni "bullying". Ukiandikia shule, sema "uonevu wa wanafunzi kwa mwenzao, uliorudiwa", na hapatakuwa na shaka.

Uchokozi ni kuanza, basi. Mdogo anaweza kumchokoza mkubwa, na mtoto wa chekechea humchokoza kaka yake wa sekondari kutwa nzima. Hakuna suala la nguvu ndani yake. Ubabe unafaa kidogo zaidi, lakini huvuta akili kwenye ngumi na vitisho, na hapa hakuna aliyepigwa. Tena kuna wanaolitumia kwa sifa, "timu imecheza kibabe". Unyanyasaji ni sahihi, ila ni mzito na mpana, unaingiza ukatili wa kila aina mpaka wa kijinsia, na ukilitumia bila maelezo msomaji atawaza mengine. Kuna na jingine ambalo hukulitaja, udhalilishaji. Hapa bara maana yake ni kumshusha mtu hadhi, na kwa kweli kumsimamisha mtoto juu ya tranka ni kumdhalilisha. Lakini ukiongea na jamaa wa Zanzibar kuwa mwangalifu, kwani kule neno hilo katika habari na ofisini limezoeleka zaidi kwa ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ubakaji ukiwemo. Unaweza kuwatia watu hofu isiyo na sababu.

Nije kwenye utani, kwa sababu hili ndilo kimbilio la mwanao na ndilo linaloniuma zaidi mimi. Utani kwetu ni kitu cha heshima. Mpare na Mchaga wanataniana, Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana, mjukuu humtania babu, shemeji humtania shemeji. Mtani anaweza kufika msibani akazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mgeni angedhani ni ukatili. Lakini angalia kanuni zake. Watani wanajuana kuwa ni watani kabla neno la kwanza halijatoka. Kila mmoja ana haki ya kurudisha, na leo akikuanza yeye kesho ni zamu yako. Tena mtani ana wajibu: yuleyule anayekusumbua msibani ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Utani bila haki ya kurudisha na bila wajibu wa kusaidia umeshabadilika kuwa kitu kingine, na wazee walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mwulize mwanao, tena kwa upole: "Je, yule mdogo aliwahi kukusimamisha wewe juu ya tranka usome habari? Angethubutu? Na alipoumwa au alipoishiwa sabuni, ni nani kati yenu alimsaidia?" Kama majibu ni hapana na hakuna, basi neno utani alirudishe lilikotoka.

Na kuhusu kucheka kwake. Katika kazi ya unasihi hili ni mojawapo ya mambo tunayoyakuta mara nyingi. Mtoto anayeonewa mbele ya hadhira hujifunza mapema kwamba akilia itakuwa ndefu, akikasirika itakuwa ndefu zaidi, na akicheka nao itaisha upesi arudi kulala. Kicheko kile ni nauli anayolipa ili ashuke. Ukitaka kujua kama alifurahi, usiangalie uso wake wakati ule, angalia maisha yake mengine. Je, siku hizi ananyoosha mkono darasani? Anachelewa kuingia bwenini makusudi? Anaamka kabla ya kengele ili maji yao yawe tayari wasimguse? Watoto wengi wenye kigugumizi huanza kukwepa maneno magumu, wakiambiwa wasome kwa sauti wanasema hawajaelewa swali, na mwalimu anawaandika kuwa wazito. Kigugumizi hakina uhusiano na akili, lakini kuchekwa kila usiku kunaweza kumfanya mwenye akili achague kukaa kimya miaka minne.

Hapa ndipo nisipokubaliana na baba yake, na naomba umsomee sehemu hii. Ugomvi ni wa watu wawili wenye uwezo unaokaribiana, wanaogombea kitu: kitanda, mchumba, zamu ya kufua, mpira. Kila mmoja ana lake la kusema na kila mmoja amekosea mahali. Ugomvi dawa yake ni suluhu, na katika hilo sisi ni mafundi. Wazee huketi, huyu aseme, yule aseme, mikono ipeanwe, chai iletwe. Uonevu hauna pande mbili za kusuluhisha. Yule mtoto hana anachogombea na mwanao. Ukimwita ofisini, ukamkalisha mbele ya wavulana wanne, wazazi wao na mwalimu wa nidhamu, ukamwambia "haya, wewe nawe una lipi, msameheane", umemrudisha juu ya tranka, safari hii mbele ya watu wazima. Atasema yameisha. Atasema hivyo kwa sababu saa 4 usiku mlezi wa bweni atakuwa amelala, na yeye atakuwa peke yake na watu ambao wazazi wao wameitwa kwa sababu yake. Kuna na jina linalomsubiri, mnoko. Miongozo ya kupambana na uonevu huko Marekani na kwingineko inasema waziwazi kwamba upatanishi wa uso kwa uso haufai katika kesi hizi. Anayeonewa anahitaji kwanza ulinzi, halafu haki yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Msamaha ukija, uje kwa wakati wake yeye.

Kitu kingine ambacho barua haikukifafanua, na wewe unapaswa kukijua, ni nafasi ya mwanao katika hao wanne. Mwaka 1996 watafiti wa Finland wakiongozwa na Christina Salmivalli walionyesha kwamba uonevu wa darasani una wahusika wengi: yupo anayeanzisha, wapo wasaidizi wanaoshika au kufunga mlango, wapo wachochezi ambao hawafanyi kitu ila kicheko chao ndicho mafuta ya moto, wapo wanaogeukia ukutani wakajifunika shuka, na mara chache yupo mtetezi. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2001, uliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule, ulikuta wenzao wapo wakitazama katika asilimia 88 ya matukio. Na pale mtoto mmoja tu alipoingilia kati, katika zaidi ya nusu ya matukio uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Nafikiria bweni zima lile, na ningetamani kila kijana aliyekuwa amelala mle ndani aisikie namba hiyo.

Kwa hiyo usimwulize mwanao "kwa nini ulifanya hivi", atakupa maneno aliyoyaandaa njiani. Mwulize habari zenyewe. Siku ya kwanza ilikuwaje? Nani alitamka neno "soma"? Wewe ulikuwa umekaa wapi? Nani alileta simu, nani alibonyeza kurekodi? Kuna siku alikataa? Siku hiyo mlifanya nini? Na swali moja zaidi, uliulize mkiwa wawili tu na usiwe na haraka ya jibu: "Wewe ulipoingia Kidato cha Kwanza, ulisomeshwa nini?" Mara nyingi sana anayemtuma mwenzake maji alibeba maji ya wengine mwaka uliotangulia, na nyumbani hakusema. Nchini Kenya wanafunzi wapya wa bweni huitwa mono, na vizazi vimepita vikiambiana kwamba kila mono lazima apitie alichopitia mwenzake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ya huko, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa kinyama kimwili au kisaikolojia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hiyo desturi ya kumkaribisha mgeni kwa mateso ni kaka wa uonevu, na mara nyingi ndiyo mlango wake. Mwanao kuwa aliumizwa hakufuti alichokifanya. Kunakuonyesha tu kwamba una watoto wawili wa kuwahudumia ndani ya mtoto mmoja.

Habari ya WhatsApp usiichukue kwa wepesi. Bwenini kicheko kilikuwa na kuta. Ile sauti haina kuta. Kila anayeifungua anamchekea upya, na mtoto hajui ni nani amesikia na nani hajasikia, kwa hiyo anamwogopa kila anayetabasamu. Ndiyo maana kwa uonevu wa mtandaoni sharti la kurudiwa linaweza kutimia hata kama aliyetuma alituma mara moja. Kwetu hili lina sheria yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Ukiongeza Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumfanyia mtoto mateso na mambo ya kumdhalilisha, utaona hatuongelei utundu wa wavulana. Sikuambii ili umtishe mwanao na polisi. Keti naye, afungue simu mbele yako, afute, aandike kwenye kundi kwa jina lake kwamba sauti ile isisambazwe tena na kila aliye nayo aifute. Hilo lifanyike leo, kabla ya jambo jingine lolote.

Nimesema nitarudi kwenye "mtoto mbaya". Kiingereza kina jina la mtu, "bully", na ni jina linaloganda. Mtoto akishaambiwa ndivyo alivyo, anaanza kuliishi, maana hakuna anayetegemea kitu kingine kutoka kwake. Barua ya shule imekuwa na busara iliposema "wamehusika na". Nawe nyumbani usimwite mwonevu, wala shangazi zake wasimwite hivyo. Yataje matendo kwa majina yake bila kuyapunguza: ulimsimamisha, ulimcheka, ulimbebesha maji, ulisambaza sauti yake. Matendo yana mwisho, anaweza kuyaacha. Na tafadhali usimchape. Alichojifunza bwenini ni kwamba mwenye nguvu humfanya mnyonge afanye anachotaka, na fimbo itamthibitishia kwamba alijifunza vizuri.

Shule ijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, hakuna ulazima wa kutafuta mtu wa kukuandikia Kiingereza. Andika kwamba umepokea taarifa, kwamba mwanao amekueleza sehemu yake na umeitaja, na kwamba unaunga mkono hatua za kumlinda mtoto aliyeonewa. Kisha uulize: ni nani anapita bwenini baada ya taa kuzimwa? Mtoto huyo amepata mtu mzima mmoja anayemwamini wa kumwendea, awe mwalimu wa unasihi au mwingine? Omba adhabu isitolewe mstarini mbele ya shule nzima, kwa kuwa wakitajwa wanne, na yeye atatajwa. Ndoo za maji zilipwe kwa kazi: mwanao na wenzake wapewe jukumu la kujaza maji ya bweni kwa muda utakaopangwa, kila mtu ajue ni zamu yao.

Kuomba radhi kuwepo, ila kuwe kwa barua ambayo mwalimu ataipitia kwanza, inayotaja walichofanya na kusema hakitarudiwa, bila kumwomba mtoto "asahau" na bila kumtaka ajibu. Akiitaka aisome, akiitaka aichane. Mama yake usimwendee na sukari na khanga, najua ndiyo desturi yetu na moyo wako utakusukuma. Mpe ujumbe kupitia shule kwamba uko tayari kumsikiliza atakapotaka. Kama mwanao au yule mtoto anahitaji kuongea na mtu aliye nje ya shule, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo shule nyingi hulifanya kwa haraka kwa sababu ni rahisi: kumhamisha aliyeonewa aende bweni jingine "kwa usalama wake". Apoteze kitanda, apoteze marafiki wawili aliowapata, na bweni jipya lijue sababu iliyomleta. Wakipendekeza hivyo, wewe mzazi wa upande wa pili ukiwa wa kwanza kukataa, sauti yako itasikika kuliko ya mama yake. Waambie wahame wale wanne, kila mmoja bweni lake, na mwanao awe wa kwanza kufunga tranka.